Leza nyepesi kwa retina iliyoharibiwa na sukari: je, inatosha, au ile inayochoma bado inahitajika?

Binti wa Ibanda (Bukavu) ameuliza:

Nawasalimu nyote, na kwa namna ya pekee wale wanaofanya kazi katika huduma za macho. Baba yangu ana umri wa miaka 61 na ameishi na ugonjwa wa sukari kwa muda mrefu. Daktari wa macho aliyempima hapa Bukavu alimtia matone ya kupanua mboni, akaangalia nyuma ya macho yote mawili, kisha akatueleza kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zimeathiriwa na sukari na kwamba katika jicho la kulia maji yamejikusanya kwenye makula, yaani ile sehemu ya katikati ambayo mtu huitumia kusoma na kutambua nyuso. Alisema kwamba Baba atahitaji leza, na kwamba ni heri tuvuke mpaka hadi Kigali ili apigwe picha ya OCT, yaani ile inayoonyesha tabaka za retina na unene wake, na kutibiwa huko huko.

Tangu siku hiyo familia imegawanyika. Shangazi yetu anayeishi Ubelgiji anatuonya tusikubali leza ya kawaida, kwa sababu inachoma retina na kuacha makovu yasiyofutika. Anasema kwamba siku hizi kuna leza nyepesi ya mikropulsi isiyoacha alama yoyote. Kaka yangu mkubwa anamjibu kwamba leza isiyoacha alama haina tofauti na kumulikwa tochi. Baba mwenyewe ananyamaza, lakini ninajua anaogopa, kwa kuwa rafiki yake aliyechomwa leza zamani analalamika kwamba usiku haoni njia.

Ningependa kuelewa kama hiyo leza nyepesi ni tiba ya kweli au ni biashara, na kama inafaa kumsafirisha mzee kwa ajili yake.

---

Muuguzi wa Himbi (Goma) amejibu:

Dada, mpe pole Mzee. Swali la kaka yako liliwasumbua hata mabingwa wa retina kwa miaka mingi, kwa hiyo msimcheke.

Leza ya kawaida hufanya kazi kwa joto. Mwanga wake unapoingia hufyonzwa zaidi na melanini iliyo katika tabaka la seli zenye rangi chini ya retina. Tabaka hilo hupata joto, protini zake huganda, na daktari huona doa jeupe likijitokeza mbele yake, ndipo anapojua kwamba kipimo cha nguvu kimetosha. Wazo la kuiponya retina kwa mwanga ni la zamani kuliko leza yenyewe: Gerhard Meyer-Schwickerath wa Ujerumani alianza kwa kuelekeza mwanga wa jua ndani ya jicho, baadaye akatumia taa ya ksenoni, na leza ya kwanza duniani ilitengenezwa mwaka 1960. Kwa miongo mingi iliyofuata, lile doa jeupe lilihesabiwa kuwa ndiyo tiba yenyewe. Bila doa, watu walidhani hakuna kilichofanyika, na hivyo ndivyo kaka yako anavyofikiri.

Leza ya mikropulsi hukatakata mwanga ule ule. Chukua mfano wa mpangilio unaotumika sana: mwanga hutolewa kwa muda wa milisekunde 200, lakini ndani ya muda huo kuna mapigo 100, kila pigo likidumu mikrosekunde 100 na kufuatiwa na mapumziko ya mikrosekunde 1,900. Kwa hesabu hiyo mwanga unawaka kwa asilimia 5 tu ya muda, na tabaka lile linapata nafasi ya kupoa kabla ya pigo linalofuata. Mtu anayegusa sufuria iliyo mekoni na kuondoa kidole papo hapo huhisi joto lakini haungui. Seli nazo hupata mshtuko wa joto bila kufa. Seli zilizoshtuliwa hivyo hutengeneza protini za kujikinga, na inaelekea kwamba hurudia vizuri zaidi kazi yao ya asili, ambayo ni pamoja na kusukuma maji nje ya retina. Kwa uvimbe wa makula, basi, kinachotakiwa ni seli hai inayofanya kazi, na kovu si sharti.

Ushahidi upo, ingawa si wa miujiza. Uchunguzi mkubwa ulioitwa DIAMONDS, uliofanyika katika hospitali za Uingereza na kutangaza matokeo yake mwaka 2022, uliwafuata kwa miaka miwili wagonjwa 266 wa sukari waliokuwa na uvimbe wa makula ambao unene wake haukufikia mikroni 400 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nusu walipata leza ya kawaida na nusu leza ya mikropulsi. Mwishoni uwezo wao wa kuona ulikuwa sawa, isipokuwa kwamba waliotibiwa kwa leza nyepesi walihitaji kurudiwa mara nyingi kidogo zaidi. Mimi ninausoma hivi: leza nyepesi haimfanyi mtu aone vizuri kuliko ile ya kawaida, ila inampa matokeo yale yale bila kumchoma karibu na kitovu cha macho yake. Zingatieni pia ile mikroni 400. Ikiwa makula imevimba kupita hapo, sindano za ndani ya jicho hutangulizwa.

Hapo ninakubaliana na Shangazi. Sasa nitatofautiana naye, na naomba mlisome hili kwa makini kuliko yote niliyoandika juu.

Sukari huharibu retina kwa njia zaidi ya moja. Maji kwenye makula ni njia moja. Nyingine ni pale mishipa midogo ya retina inapoziba, retina ikakosa oksijeni, nayo ikaanza kuotesha vijishipa vipya vilivyo dhaifu. Vijishipa hivyo huvuja damu ghafla ndani ya jicho, au huvuta utando unaobandua retina, na mtu aliyekuwa akiona jana anaamka haoni. Kwa ugonjwa huo, kuchoma ndiyo tiba. Daktari huweka madoa kama 1,200 hadi 1,600 pembezoni mwa retina, mbali na makula. Seli zinazokula oksijeni nyingi hupunguzwa, oksijeni kidogo iliyopo huzitosha seli zilizobaki, na vijishipa vipya hunywea. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 1976 ulionyesha kwamba leza ya namna hiyo hupunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu, na hadi leo bado ni nguzo ya matibabu. Rafiki wa Mzee anayelalamika kuhusu usiku huenda alitibiwa hivyo: kupungua kwa uoni wa pembeni na wa gizani ni gharama inayojulikana ya leza hiyo, na wengi hawaambiwi mapema.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana kuhusu aina ya leza, mwulizeni daktari kama kuna vijishipa vipya katika jicho lolote kati ya yale mawili.

---

Mhasibu wa Katuba (Lubumbashi) amejibu:

Mimi sina sukari, lakini niliwahi kupata maji chini ya makula ya jicho la kushoto, ugonjwa unaowapata zaidi wanaume wa umri wa kati. Mistari iliyonyooka niliiona imepinda, na katikati ya kila kitu kulikuwa na kivuli cha kijivu. Nilikuwa nimeshasoma habari za leza nyepesi na nikaenda nikiwa tayari kuilipia, hata kama ingebidi nivuke Kasumbalesa na kuendelea hadi Lusaka. Daktari niliyemwona hakuzungumza kwanza habari za mashine. Aliniuliza ninakunywa dawa gani, ninapaka nini, ninavuta nini puani. Nilipomwambia kuhusu vidonge vya steroidi nilivyoandikiwa kwa ajili ya pumu, dawa ambazo zinaweza kuchochea ugonjwa huu, alimwandikia daktari wangu wa mapafu barua ili dawa ibadilishwe pole pole, akaniambia tungoje. Maji yalikauka yenyewe baada ya miezi michache, na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa wengi wanaopata ugonjwa huo kwa mara ya kwanza.

Ninaandika haya kwa sababu steroidi hazimo katika vidonge tu. Zimo katika sindano za viungo, na zimo pia katika mafuta mengi ya kujichubua yanayouzwa sokoni bila maelezo yoyote. Sizungumzi hapa kuhusu urembo wa mtu. Ninasema tu kwamba mwenye maji chini ya makula anapaswa kumwonyesha daktari hata chupa ya mafuta anayopaka.

Kuhusu leza yenyewe kwa ugonjwa huu wangu, maji yanapokaa muda mrefu bila kukauka, uchunguzi ulioitwa PLACE, wa mwaka 2018, uliilinganisha leza ya mikropulsi na tiba nyingine ambayo mgonjwa huchomwa sindano ya dawa ya verteporfini mkononi, kisha jicho likamulikwa mwanga hafifu unaoiamsha dawa hiyo. Katika ukaguzi wa kwanza, maji yalikuwa yamekauka kabisa kwa asilimia 51 ya waliopata verteporfini, na kwa asilimia 14 tu ya waliopata mikropulsi. Leza nyepesi, basi, haishindi kila mahali.

---

Mwalimu wa Bagira (Bukavu) ameuliza:

Samahani kwa kuingilia. Mama mkwe wangu hana sukari. Ameambiwa ana madoa ya manjano kwenye makula kwa sababu ya uzee, na bado anasoma Biblia yake bila shida. Je, leza hii nyepesi inaweza kuyafuta kabla hayajamletea upofu?

Muuguzi wa Himbi amejibu:

Mwalimu, kwa hali yake nisingewashauri mtumie fedha huko. Leza ya nanosekunde, ambayo ni fupi kuliko hata mikropulsi, ilijaribiwa hasa Australia kwa watu 292 wenye madoa kama hayo, na baada ya miaka mitatu haikuonekana kuuchelewesha ugonjwa kwa kundi zima. Mama asivute sigara, na mumzoeze kufunika jicho moja moja kila wiki na kutazama mistari ya daftari. Siku mistari itakapopinda, mpelekeni kwa daktari wa macho upesi, kwa sababu wakati huo kuna sindano zinazosaidia kweli.

---

Fundi wa Kamalondo (Lubumbashi) amejibu:

Dada wa Ibanda, mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali, si mganga, kwa hiyo nitasema habari za mashine peke yake.

Leza ya mikropulsi mara nyingi si mashine ya pekee. Mashine moja ya mwanga wa manjano wa nanomita 577 inaweza kutoa mwanga mfululizo unaochoma na vilevile mwanga uliokatwakatwa, mradi mfumo huo uliwekwa wakati wa kununua. Kuna pia mashine za mwanga wa infraredi wa nanomita 810. Mashine nyingi za zamani za mwanga wa kijani wa nanomita 532 hutoa mwanga mfululizo tu. Kabla ya kukata tiketi, pigeni simu hospitali mnayoikusudia na muulize moja kwa moja kama leza yao ya retina ina mfumo wa mikropulsi na kama kuna daktari anayeutumia mara kwa mara, kwa maana neno leza katika tangazo linaweza kumaanisha mashine ya kurekebisha macho ili mtu aache miwani, mashine ya kusafisha kilenzi baada ya kutolewa mtoto wa jicho, au mashine ya kushusha presha ya jicho, na hakuna hata mojawapo kati ya hizo inayotibu retina ya baba yako.

Jambo la pili linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Nyuma ya macho yetu kwa kawaida kuna melanini nyingi, nayo ndiyo inayofyonza mwanga na kuugeuza kuwa joto. Nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine kwa ajili ya jicho la Mzungu inaweza kuwa kubwa mno kwa jicho la Mwafrika, hata katika mikropulsi, na leza iliyoitwa nyepesi ikageuka kuwa ya kuchoma. Madaktari wengi huanza kwa kujaribu nukta moja mbali na makula, wakatafuta kiwango kinachoanza kuacha alama, kisha wakashuka chini yake. Si utovu wa adabu kumwuliza daktari kama atafanya jaribio hilo.

Na la tatu, ambalo kwa maoni yangu husahauliwa kuliko yote: leza nyepesi haiachi alama. Hiyo ndiyo sifa yake, na hiyo ndiyo taabu yake. Baba yako akitibiwa Kigali kisha akaja kuonwa na daktari mwingine hapa Kongo, daktari huyo ataangalia retina asione chochote, na anaweza kudhani kwamba hakutibiwa kamwe, au akarudia bila kujua ni sehemu gani iliyokwisha kupigwa. Msitoke hospitalini bila karatasi yenye tarehe, jicho lililotibiwa, urefu wa wimbi, ukubwa wa nukta, muda wa kila pigo, asilimia ya muda wa kuwaka, nguvu kwa miliwati na idadi ya nukta, pamoja na picha za OCT za siku hiyo. Zipigeni picha kwa simu pia. Karatasi za hospitali zina tabia ya kupotea katika safari.

---

Binti wa Ibanda amejibu:

Aksanti sana kwenu nyote. Tulivuka Rusizi, tukapanda basi kupitia msitu wa Nyungwe, na Baba amekwisha kupigwa picha. Jicho la kulia lina uvimbe katikati ya makula wa mikroni 368, naye bado anasoma mistari mingi ya ubao. Jicho la kushoto, ambalo sisi tulidhani ndilo zima kwa sababu halimsumbui kabisa, halina maji, lakini lina vijishipa vipya kwenye kichwa cha neva ya jicho, yaani pale neva inapoungana na retina. Daktari anapendekeza leza ya kawaida ya pembezoni kwa jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia ametupa uchaguzi kati ya mikropulsi na sindano za kila mwezi. Kaka yangu sasa anataka sindano kwa macho yote mawili ili Baba asichomwe kabisa, kwa kuwa amesoma kwamba sindano hukausha hata vijishipa vipya. Mnaonaje?

---

Muuguzi wa Himbi amejibu:

Kaka yako amesoma sawasawa, ila amesoma habari za watu wanaoishi karibu na hospitali. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2015 ulionyesha kweli kwamba, kwa vijishipa vipya, sindano hazikuwa nyuma ya leza baada ya miaka miwili, kwa sharti kwamba mgonjwa anahudhuria bila kukosa. Lakini utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2019, uliwaangalia wagonjwa waliopotea kwa zaidi ya miezi sita kisha wakarudi: waliokuwa wametibiwa kwa sindano peke yake walikutwa wamebanduka retina mara nyingi zaidi kuliko waliokuwa wamechomwa leza. Nguvu ya sindano huisha baada ya wiki kadhaa. Leza ya pembezoni hubaki ikifanya kazi hata mgonjwa asipoonekana tena. Sisi wa Kivu tunajua jinsi mpaka unavyoweza kufungwa asubuhi bila taarifa, na Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulisimamisha safari zake. Mimi nisingeliacha jicho lenye vijishipa vipya litegemee miadi ya kila mwezi ng'ambo ya mpaka. Jicho hilo lichomwe, na lichomwe kwanza, hata kama halimsumbui.

Kwa jicho la kulia, mikroni 368 ziko ndani ya kiwango kile cha DIAMONDS, na leza nyepesi ni chaguo la busara, ila Mzee asitazamie kuona tofauti kesho yake. Uvimbe hupungua polepole kwa wiki na miezi. Kwa kawaida picha hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi. Sindano hufanya kazi haraka zaidi, na si lazima ziwe zile za bei ya juu: bevasizumabu, ambayo ni dawa ya saratani inayogawanywa katika vipimo vidogo kwa ajili ya macho, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2013. Ikiwa baada ya leza uvimbe utaongezeka au uoni utashuka, mlango wa sindano haujafungwa.

Na sukari yenyewe pamoja na presha ya damu viangaliwe na daktari wake wa Bukavu wakati huu wote, maana hakuna leza, nyepesi wala nzito, inayozuia mishipa mingine isiharibike.

---

Binti wa Ibanda amejibu:

Tumeelewana nyumbani, na Shangazi naye amekubali. Nina swali moja la safari. Daktari alisema leza ya pembezoni hugawanywa kwa vipindi kadhaa. Je, tunaweza kumwomba aimalize kwa mara moja, ili Baba asirudi kupita Nyungwe tena na tena?

Muuguzi wa Himbi amejibu:

Mnaweza kumwomba, na ombi lenu lina msingi. Vipindi hugawanywa kwa hofu kwamba kuchoma madoa mengi kwa siku moja kutaivimbisha makula. Mwaka 2009 uchunguzi wa Marekani ulilinganisha kipindi kimoja na vipindi vinne kwa watu ambao makula zao hazikuwa na uvimbe katikati, na tofauti iliyoonekana baada ya miezi kadhaa ilikuwa ndogo, isiyo na uzito kwa mgonjwa. Jicho la kushoto la Mzee halina maji, kwa hiyo linafanana na macho ya wale waliochunguzwa. Mwelezeni daktari wazi kwamba mnatoka Bukavu na kwamba kurudi si jambo la uhakika. Yeye ndiye atakayeamua akiwa na picha mbele yake. Kipindi kirefu huleta maumivu kuliko leza nyepesi, ambayo wengi hawaisikii kabisa, kwa hiyo aulizwe kuhusu dawa ya kutuliza maumivu kabla ya kuanza. Asiendeshe chombo chochote siku hiyo, avae kofia na miwani ya jua kwa sababu ya matone ya kupanua mboni, na mlale Kigali usiku huo kabla ya kupanda basi.